Chokaa ya Wazo Haina Risasi: Jinsi Mbale za Risasi na Zinki Zinavyotokea

Ofisini kwetu Dar es Salaam wanafika watu waliouziwa mawe ya kijivu yanayong'aa kwa bei ya madini ya fedha. Mengi huwa galena, yaani mbale (jiwe linalotolewa metali) ya risasi. Galena huweza kubeba fedha kidogo, lakini kiasi chake huonekana maabara, si kwa macho wala kwa maneno ya dalali.

Wengine, hasa wa upande wa Tegeta, wamesikia kwamba risasi na zinki hupatikana kwenye chokaa, na kilima cha Wazo kilicho huko kimejaa chokaa. Jamani, chokaa peke yake haizai madini. Kinachoyaleta ni maji.

Maji hayo hutoka kwenye mashapo, yaani tabaka za mchanga na matope, yaliyofukiwa chini sana, yakiwa na chumvi mara kadhaa kuliko bahari, na joto lake mara nyingi ni nyuzi 90 hadi 150 za Selsiasi. Kloridi iliyomo huchomoa risasi na zinki kwenye miamba na kuzibeba zikiwa zimeyeyuka. Milima inapoinuka kandokando ya bonde, maji husukumwa mbali, pengine mamia ya kilomita, yakifuata mchanga na mipasuko. Yakikuta salfa ya kutosha, tuseme gesi ya haidrojeni salfaidi iliyonaswa kwenye chokaa yenye matundu, metali haziwezi kubaki majini tena. Hujitenga na kuganda: galena hapa, sfalerite yenye zinki pale. Mbale za Missouri, Marekani, zilitokea hivyo. Wazo ni matumbawe machanga, hayajapitiwa na safari hiyo.

Mpanda, magharibi mwa Tanzania, ni habari nyingine: galena iliyochimbwa huko miaka ya 1950 ilikaa kwenye mishipa, yaani nyufa zilizojaa madini, ya miamba ya kale.

Kuhusu utaratibu. Kuchimba kunahitaji leseni. Ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Kununua madini ya wengine na kuyauza kunahitaji leseni nyingine. Ya kuchimba haitoshi. Asiye nayo hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na madini hutaifishwa. Kusema "nilikuwa najaribu tu" si utetezi.

Tafadhali, msiyeyushe galena uani. Moshi na vumbi lake huathiri ubongo wa watoto. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994 na udongo ungali na sumu.

Mwenye sampuli aje nayo pamoja na maelezo ya mahali ilipookotwa: kijiji, kilima, kina cha shimo. Jiwe lisilo na mahali tunaweza kulitaja jina, lakini hatuwezi kusema kama kuna mbale zaidi.