Lebo ya asali haianzii kwenye kompyuta

"Mchoro wa dakika kumi tu huu, mwanangu, mbona bei yote hiyo?" Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi tangu nianze kutengeneza lebo na nembo hapa Tabora mjini. Wateja wangu wengi huuza asali. Siwalaumu, maana kazi ya mbunifu huonekana mwishoni, stika ikishabandikwa kwenye chupa. Lakini dhana potofu kuhusu kazi hii, kama hizi zifuatazo, huwagharimu wao kuliko mimi.

Dhana: wazo zuri humjia mwenye kipaji ghafla

Mfano unaopendwa ni nembo ya New York yenye moyo mwekundu. Mbunifu wa Kimarekani Milton Glaser aliichora mwaka 1976 akiwa ndani ya teksi, kwa krayoni nyekundu, kwenye kipande cha bahasha. Wanaosimulia huacha jambo moja: alikuwa ameshapeleka mchoro mwingine wa kazi hiyohiyo, na ukakubaliwa. Hata hivyo hakuacha kuifikiria. Wazo la kwenye teksi lilikuwa na siku nyingi nyuma yake.

Dhana: mteja anajua anachotaka, mbunifu achore tu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mama mmoja anayeleta asali kutoka Sikonge alitaka picha kubwa ya nyuki na maandishi ya dhahabu. Nikamwomba kwanza nikae kibandani kwake nusu siku.

"Ukae ufanye nini?"

"Niwaone wanunuzi, mama."

Hakuna aliyejali picha. Karibu wote waliinua chupa, wakaigeuza kwenye mwanga, wakauliza kama haijatiwa sukari. Chupa mbili zilizoganda chini hazikuguswa kabisa. Mama akaniambia kuna mteja wa Dar es Salaam aliyemrudishia katoni nzima kwa sababu hiyohiyo.

Asali kuganda si ushahidi wa sukari ya dukani. Glukosi iliyomo hujitenga ikawa chembechembe, hasa penye ubaridi, na chupa ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu huyeyuka tena. Basi kilichokwamisha biashara ya mama ni wasiwasi wa mnunuzi. Lebo tuliyoishia nayo ina nyuki mdogo kama ukucha, na nafasi kubwa imechukuliwa na sentensi mbili: "Asali halisi huweza kuganda. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu." Tukaifanya pia iwe nyembamba, ubavu mmoja wa chupa ubaki wazi, mtu aione asali yenyewe. Ningechora nyuki niliyeombwa, mama angelipa na kushukuru, na chupa zilizoganda zingebaki palepale.

Dhana: kazi huanza ukiwasha kompyuta

Mimi huanza na penseli na daftari, nikichora vimraba vya ukubwa wa kiberiti, ishirini au thelathini. Mchoro wa penseli hauumi kuutupa. Ukishapanga rangi na fonti kwenye programu unaanza kuipenda kazi, na kasoro zake huzioni tena.

Dhana: wengi wakikaa pamoja mawazo huwa mengi

Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 ulilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliofikiri peke yao walitoa karibu maradufu. Kwa hiyo mimi na mwenzangu huchora kila mtu na karatasi yake, ndipo tunazitandaza mezani.

Dhana: kurudia ni kushindwa

Mvumbuzi wa Kiingereza James Dyson alitengeneza sampuli 5,127 za mashine yake ya kufyonza vumbi kabla ya kupata iliyofaa. Lebo ya mama yule ilirudi mara nne. Ya kwanza niliichapa kwa printa ya wino kwenye karatasi ya kawaida, nikaipaka asali kidogo, kama inavyotiririka kwenye mdomo wa chupa mtu akimimina, kisha nikaifuta kwa kitambaa chenye maji. Wino ukavuja, herufi zikawa tope. Hasara yetu ilikuwa karatasi moja. Tungegundua hilo baada ya kuchapa elfu moja, mama angelia. Tukahamia stika ya plastiki. Ya tatu ilikataliwa na kijana wake anayepanga chupa: jioni, taa ikiwa hafifu, maandishi ya kahawia juu ya asali nyeusi hayasomeki. Alikuwa sahihi kabisa, na mimi nisingeliona hilo kwa sababu nilikuwa naenda pale mchana tu.

Dhana: rangi ya kwenye simu ndiyo itakayochapwa

Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta (wekundu unaoelekea zambarau), njano na mweusi. Zipo rangi kali za skrini ambazo wino huo hauzifikii. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia oda nzima, na uitazame mahali bidhaa itakapouzwa. Mama aliishika ya kwake juani, ubavuni mwa chupa, akasema njano imeingia ukijani. Tukaongeza majenta kidogo, ndipo tukachapa.