Rahitnama si maneno ya Guru Gobind Singh

Wengi huamini kwamba rahitnama, yaani maandiko ya kale ya mwenendo wa Wasikh, yalitoka kinywani mwa Guru Gobind Singh mwenyewe, mwalimu mkuu wa kumi wa dini ya Kisikh, hivyo kila sharti lililomo ni amri isiyopingwa. Sivyo.

Guru aliasisi Khalsa, yaani jumuiya ya Wasikh waliobatizwa, mwaka 1699 huko Anandpur nchini India, akafariki 1708 huko Nanded. Rahitnama zimeandikwa kwa majina ya wafuasi wake, kama Nand Lal na Chaupa Singh, na wanahistoria wengi huona kwamba nyingi ziliandikwa baada ya kifo chake. Tazama ile ya Prahlad: inadai kuandikwa mwaka unaolingana na 1695, nayo inaizungumzia Khalsa ambayo bado haijazaliwa! Tarehe hiyo haiwezi kuwa ya kweli.

Tena baadhi yake hupingana na mafundisho ya Kisikh. Ile ya Chaupa Singh inakataza wanawake kupewa ubatizo wa upanga, yaani ibada ya kuingia Khalsa, tena inawapa Wabrahmani, tabaka la makuhani wa Kihindu, heshima ya pekee. Mambo hayo yanagongana waziwazi na mafundisho ya usawa yaliyomo katika Guru Granth Sahib, ambacho ndicho kitabu chenye mamlaka ya juu. Mtu akikuletea sharti hilo leo kama hukumu ya Guru, usimkubalie.

Mwongozo unaotambuliwa na Wasikh wengi sasa ni Sikh Rehat Maryada, ulioidhinishwa 1936 na SGPC, kamati ya Amritsar inayosimamia mahekalu ya Wasikh, kisha ukarekebishwa 1945. Huo unawaruhusu wanawake kubatizwa. Hata hivyo Manihang, kundi la Wasikh wapiganaji, na Damdami Taksal, chuo cha mafundisho ya Kisikh, wana taratibu zao.