Ajali ina kinga: dhana za barabarani zinazovunjika mtu akijaribu mwenyewe

Msemo wa "ajali haina kinga" tumeurithi, na mahali pake panajulikana: msibani, pale mtu anapotafuta neno la kumfariji mwenzake. Ubaya ni kwamba umetoka msibani ukaingia barabarani. Dereva anawasha gari nao, abiria anaukalia, mzazi anaupakata pamoja na mtoto.

Tuuweke kando ya hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani. Hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Lakini ripoti hiyo hiyo inaonyesha kuwa tangu 2010 vifo vilipungua kwa takriban asilimia 5, katika kipindi ambacho idadi ya magari duniani iliongezeka zaidi ya mara mbili. Kitu kisicho na kinga hakipungui namna hiyo. Kilipungua kwa sababu mwendo, mkanda, kofia ngumu, pombe, mwanga na umbo la barabara ni mambo yanayoshikika.

Nasema yanayoshikika kwa sababu kazi yangu ni kwenye mabanda ya maonyesho ya usalama barabarani, yale ambayo mgeni haachwi asome mabango peke yake. Anakalishwa, anafungwa mkanda, anapewa rula, anaingizwa gizani. Dhana nyingi nimeziona zikiingia bandani kifua mbele na kutoka zimeinamisha kichwa. Hizi ndizo zinazojirudia zaidi.

"Kwa mwendo mdogo nitajishika tu"

Tuna kiti cha gari kilichofungwa juu ya reli yenye mteremko. Kinaachiwa, kinateleza, kinagonga kizuizi mwishoni. Mwendo wake ni kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu kufanya mazoezi. Kabla ya kukiachia tunamwambia aliyefungwa mkanda anyooshe mikono mbele ajaribu kujizuia. Wengi hucheka. Kisha kishindo, viwiko vinakunjika papo hapo, mkanda unabana kifua, na kicheko kinakatika.

Mzee mmoja alibaki kitini baada ya kishindo, kiganja kifuani pale mkanda ulipombana. Nikamwuliza, "Mzee wangu, uko salama?"

"Salama, mwanangu. Lakini hii ndiyo kumi?" Akanyamaza kidogo. "Kumi tu?"

Kumi tu. Gari likiwa kwenye 50 na kugonga kitu kisichosogea, mwili usiofungwa unaendelea na 50 yake hadi ukutane na usukani, kioo au kiti cha mbele. Pigo lake ni sawa na la kuanguka kutoka karibu mita 10, kimo cha ghorofa ya tatu. Sijawahi kusikia mtu aliye ukingoni mwa ghorofa ya tatu akisema atajishika kwa mikono akifika chini.

Dada wa dhana hii ni ile ya mtoto: nitampakata vizuri. Kwa hiyo tuna mwanasesere wa kilo 10, na mgeni anaruhusiwa kumkumbatia kwa nguvu zake zote. Hata kwa kilomita 10 anawaponyoka wengi. Kwa 50, gari likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta kama mzigo wa kilo 140. Mapenzi ya mzazi hayana upungufu hapo. Mikono ya binadamu ndiyo iliyoumbwa kwa kazi nyingine. Mtoto anahitaji kiti chake mwenyewe, kinacholingana na umbo lake, kilichofungwa kwenye gari.

Wengine husema mkanda wenyewe huumiza. Ni kweli, unaweza kuacha mchubuko na hata kuvunja mbavu. Swali ni ungeumizwa na nini bila huo mkanda. Tarehe 10 Desemba 1954, daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga mikanda kwenye kiti cha roketi kilichofika zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kikasimamishwa kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulibebeshwa mzigo wa zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Alitoka macho yamevilia damu, akaishi hadi mwaka 1999, na miaka mingi ya maisha yake aliitumia kuwahimiza watu wafunge mikanda kwenye magari yao ya kawaida. Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie.

Wa nyuma naye afunge. Asipofunga, yeye ndiye mzigo unaorushwa mgongoni mwa aliyekaa mbele.

"Hamsini na sitini ni ndugu"

Hapa tunaanza na rula ya sentimita 30. Mmoja anaining'iniza, mwingine anaacha vidole wazi kwenye sifuri, na rula inaachiwa bila taarifa. Anayeidaka kwenye sentimita 20 ametumia sehemu mbili za kumi za sekunde. Vijana huona fahari, na wana haki. Lakini pale mtu alijua nini kitatokea, vidole vilikuwa tayari na macho hayakuwa na kazi nyingine. Barabarani jicho lione, akili itambue kwamba kile ni kitoto na si mfuko unaopeperushwa na upepo, uamuzi upite, mguu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Ukitumia sekunde moja, umefanya vizuri.

Kisha tunamwomba yule yule ataje miezi ya mwaka kinyumenyume huku akisubiri rula. Fikiria inavyokuwa. Vidole ni vile vile, macho ni yale yale, ila akili imekwenda kwingine, na rula inateleza mbali zaidi kabla ya kudakwa. Hivyo ndivyo simu inavyofanya kazi yake mbaya. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kugonga au kugongwa mara 4 hivi zaidi, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina nafuu kubwa. Wengi wanadhani tatizo ni mkono mmoja kutoka kwenye usukani. Tatizo ni mazungumzo.

Baada ya rula tunatoka nje, kwenye mistari iliyochorwa chini. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na haina mashine yoyote. Gari la 50 linakwenda karibu mita 14 katika ile sekunde moja ya kutambua, kabla breki haijaguswa. Kwenye lami kavu, na matairi mazima, breki zinahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla 28. Mgeni anazitembea kwa miguu yake, akihesabu hatua. Mwishoni tumesimamisha umbo la mtoto lililokatwa kwenye boksi gumu.

Sasa arudi mwanzo, atembee ya 60. Sekunde ya kutambua inakula karibu mita 17. Zimebaki 11 tu hadi kwa mtoto, na breki ndiyo kwanza zinaanza kushika. Pale pale ambapo gari la 50 limekwisha simama kabisa, la 60 bado linakwenda kama kilomita 40 kwa saa.

Nimewaona watu wazima wakirudia mistari hii mara tatu, wakitafuta kosa kwenye hesabu. Kosa halipo. Breki hazipunguzi mwendo kwa mgawo sawa kila mita. Sehemu kubwa ya mwendo hutoka kwenye mita za mwisho, na gari la 60 linazikosa mita hizo.

"Magari ya zamani yalikuwa chuma hasa, haya ya sasa ni mabati"

Anayesema hivi huwa ameona gari jipya limekunjamana pua kwa ajali ndogo, akalinganisha na la babu yake lililogonga nguzo likabaki zima. Macho yake hayakumdanganya. Gari jipya linakunjamana makusudi: pua inakunjika ili kuchelewesha kusimama kwa wale waliomo ndani, na chumba chao kinabaki imara. Gari lisilokunjika linapitisha pigo lote kwa watu.

Mwaka 2009 taasisi ya Marekani iitwayo Insurance Institute for Highway Safety iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikiwa kwenye kilomita 64 kwa saa, upande wa dereva kwa upande wa dereva. Chumba cha Bel Air kiliporomoka juu ya sanamu la majaribio lililokuwa ndani. Kwenye Malibu, vipimo vya sanamu vilionyesha jeraha dogo la mguu. Anayeona mabaki ya magari hayo mawili yakiwa bega kwa bega hahitaji tena hotuba.

Wapo walioligeuza swali: badala ya gari imara, mwili imara ungekuwaje? Tume ya ajali za barabarani ya jimbo la Victoria, Australia, ilimwomba msanii Patricia Piccinini aumbe mtu ambaye mwili wake ungeweza kuhimili ajali. Alishirikiana na daktari bingwa wa upasuaji na mtaalamu wa uchunguzi wa ajali, na mwaka 2016 akazinduliwa "Graham": hana shingo, fuvu ni kubwa kama boga, uso umelalia bapa, mbavu zimejaa mifuko kama ya hewa. Watu walimzunguka, wakamtazama hadi ndani ya ngozi kwa kompyuta za mkononi. Mtu akishamwona Graham huigusa shingo yake mwenyewe.

"Nimeziona taa zake, basi na yeye ananiona"

Taa za gari huonekana mbali kwa sababu zinatoa mwanga. Mtu hatoi. Kwenye hema letu la giza mgeni anakaa kwenye kiti cha dereva, taa zikiwa zimeinamishwa, na mwenzake aliyevaa nguo nyeusi anatembea kumwendea. Mara nyingi anaonekana akiwa karibu mno, mita 30 hivi. Kwa 60, mita 30 hazitoshi kusimama. Akivaa utepe unaorudisha mwanga, anaonekana mbali mara kadhaa ya hapo. Nguo ya rangi kali, ile ya njano inayong'aa mchana, usiku inapoteza nguvu yake. Kinachofanya kazi gizani ni kile kinachorudisha mwanga wa taa kule ulikotoka. Na utepe ukifungwa kwenye vifundo vya miguu, magoti na vifundo vya mikono hushinda ule wa kifuani, kwa kuwa dereva anatambua mwendo wa binadamu, hata kama haoni mwili.

Kwa lori ni vivyo hivyo hata mchana kweupe. Tunatandika mikeka kuonyesha maeneo ambayo dereva haoni hata kwa vioo vyote: mbele chini ya pua, pembeni mwa mlango wa abiria, na nyuma. Tunapanga wageni wazima juu ya mikeka, kisha tunampandisha mtoto kwenye kiti cha dereva. "Baba yuko wapi?" tunamwuliza. Hamwoni. Baba anapunga mikono yote miwili, na bado hamwoni.

"Watu wakishaogopa watabadilika, wakishakuwa mafundi watakuwa salama"

Dhana hii ni yetu sisi waandaaji, na imeniuma kuikubali. Hofu huisha getini. Ufundi nao unaweza kudhuru. Nils Petter Gregersen wa Sweden, katika utafiti uliochapishwa 1996, aliwagawa madereva vijana makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kumudu breki na hali ya hatari, jingine likaonyeshwa mipaka ya uwezo wake. Kwa uwezo halisi wa kuendesha hawakupishana. Kilichotofautiana ni kujiamini: waliofundishwa mbinu walijiona hodari kuliko walivyokuwa. Dereva anayejiona hodari hukanyaga mafuta zaidi.

Ndiyo maana nina wasiwasi na ile miwani ya kuigiza ulevi ikitumika ovyo. Inapotosha macho, mtu anayumba, wenzake wanacheka, naye anajikaza hadi aumudu mstari. Anaondoka akiamini kuwa akijitahidi ataweza. Pombe halisi huanza na uamuzi, ikimpa mtu ujasiri kabla haijamyumbisha, na kahawa wala maji baridi havimtoi ulevini. Ni saa tu, ini likifanya kazi yake. Sasa hatumruhusu mtu avae miwani hiyo zaidi ya mara moja, na hatumpi nafasi ya kuizoea.

Tumebadilisha pia meza ya mwisho. Zamani ilikuwa ya vipeperushi. Leo mgeni anakaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na kazi ni ya mikono: kuketisha kofia ngumu vidole viwili juu ya nyusi, kufunga kamba ya kidevuni, kuivuta kwa nyuma kuona kama inatoka, na kuitupa ile iliyokwisha pigwa hata kama kwa nje inaonekana nzima. Kufunga kiti cha mtoto na kukitikisa. Kushusha mkanda kutoka tumboni hadi kwenye mifupa ya nyonga. Kushona utepe kwenye mfuko wa shule. Na wakija wanaopanga barabara, tunawatembeza kwenye ile mistari, mita 28, kisha tunawaonyesha wa 30, ule wa mita 13 hivi, kwa mitaa ambayo watoto na magari wanaitumia pamoja. Mwendo huo wa juu wa 30 ndio uliopendekezwa kwa mitaa ya namna hiyo na Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani.