Ukuta wenye povu ndani si boksi

Hapa Unguja wengi huamini ukuta ukigongwa ukalia wazi, basi nyumba ni mbovu. Sauti haipimi nguvu. Paneli, yaani vipande bapa vya ukuta huu wenye povu, ni matabaka mawili ya zege lenye nondo, katikati povu gumu jeupe, kama la masanduku ya samaki. Upepo ukisukuma, tabaka moja hubanwa, jingine huvutwa. Matabaka ya sentimita 5 yaliyoachana sentimita 10, yakishikamana barabara, ni magumu kupinda mara 7 ya zege hilohilo likiwa bamba moja la sentimita 10.

Yakishikamana, nasisitiza. Kazi hiyo ni ya vyuma vinavyopenya povu; vikiwa vichache, au vikiliwa na kutu ya chumvi ya bahari yetu, kila tabaka hubaki peke yake. Muulize fundi vyuma hivyo, usigonge ukuta.