Kusi, kaskazi na maua ya Mlima Kenya

Kila mwaka, kusi inaposhika hapa Malindi na wavuvi kupunguza safari za mbali, watu wanaotaka kupanda Mlima Kenya huniuliza kama wasubiri mvua iishe kwanza. Nimewaongoza wapandaji wa Pwani kwa miaka kadhaa, na kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi si la viatu wala la nguo, bali ni la kuupimia mlima kwa kalenda ya bahari.

Masika ya huku hukolea mwezi wa Mei na manyunyu yake huendelea mpaka Julai, ilhali vuli yetu ni ndogo. Mlimani mvua hukolea Aprili, kisha hukolea tena Novemba, na vuli hiyo si ya mzaha, hasa upande wa mashariki, kwenye njia ya Chogoria, ambako hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husukumwa juu ya mteremko na kugeuka mvua. Anayetaka ushahidi wa karibu na auangalie Mto Tana, ambao hupokea maji ya mlima huo na kuingia baharini karibu na Kipini: hufurika mara mbili kwa mwaka, hata pale ambapo anga la Malindi ni jeupe. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapeleka jamaa zangu Chogoria mwezi wa Novemba kwa sababu tu huku kulikuwa kukavu. Gari lilinasa matopeni kabla ya kufika lango la hifadhi, tukamaliza njia kwa miguu, na kwa siku tatu Batian, kilele kirefu kuliko vyote chenye mita 5,199, hatukukiona hata mara moja.

Miezi ya ukavu basi ni Januari na Februari, kisha kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Hata hivyo, anayefuata maua asingoje ukavu ukomae. Mimi huchagua mwanzoni mwa kila kipindi, ardhi ingali na maji, kwa kuwa ndipo gladioli nyekundu na maua makavu ya helikrisamu huonekana kwa wingi kwenye nyasi za juu ya msitu.

Mimea mikubwa ya juu haifuati hesabu hiyo. Lobelia ya Teleki, iliyopewa jina la msafiri Samuel Teleki aliyefika mlimani mwaka 1887, hukaa miaka mingi ikiwa fungu la majani lililoshikamana na ardhi, kisha huchomoza mnara wenye manyoya unaoweza kumpita mtu kimo, huchanua mara moja tu, na kufa. Huonekana zaidi kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Nduguye wa mabondeni penye majimaji huchanua zaidi ya mara moja, na katikati ya majani yake hutunza maji ambayo usiku huganda juu tu, yakikinga chipukizi lililo chini. Senesio mkubwa, anayefanana na mti uliovishwa majani yake makavu, huchanua kwa pamoja katika miaka fulani na kupumzika kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mpandaji hawezi kuahidiwa maua hayo kwa mwezi. Anaweza kuelekezwa bonde tu. Penye lobelia iliyochanua, asimame kimya kidogo: ndege aitwaye chozi, wa kijani king'avu mwenye vishungi vyekundu kifuani hatachelewa.

Saa nazo zina uzito kama miezi. Hata katika msimu mkavu, asubuhi huwa angavu, mawingu hupanda kabla ya adhuhuri, na alasiri huweza kuleta mvua ya mawe. Usiku ni sakitu. Ndiyo sababu tunaondoka kambini saa tisa usiku ili tufike kilele cha Lenana, mita 4,985, jua linapochomoza. Maua hupigwa picha kabla ya saa tano.

Kwa anayetoka usawa wa bahari, napendekeza siku tano au sita mwezi wa Januari: kupanda polepole kwa njia ya Sirimon, iliyo kavu zaidi, na kushuka kwa Chogoria kupitia Ziwa Michaelson, wakati barabara ya langoni imekwisha kukauka.