Leseni Mfukoni, Bastola Kiunoni: Tunayoamini Kuhusu Silaha Viwanjani Uganda

Nimesimama getini kama msimamizi wa kujitolea kwenye mechi kadhaa za Kampala, na maneno ninayoambiwa na mtu aliyefichua bastola baada ya mashine ya ukaguzi kulia ni yale yale: "Nina leseni." Kisha ananyamaza, anangoja nimpishe.

Mmoja namkumbuka vizuri. Mzee wa makamo, jezi ya Cranes, timu yetu ya taifa, imembana tumbo, amemshika mjukuu mkono. Mashine ikalia.

"Samahani mzee, hapo kiunoni pana nini?"

"Kitu changu, kijana. Kina karatasi zake."

Nyuma yake foleni imefika barabarani, vuvuzela zinapiga kelele, timu tayari zinapasha misuli. Mzee aliamini kabisa kwamba ninamwonea. Hakuwa na sura ya mtu wa fujo, na hata sauti hakuipandisha. Alikuwa na imani ambayo nimeikuta kwa matajiri wa Kololo, kwa wafanyabiashara wa Kikuubo, hata kwa vijana wa boda boda ambao bastola wameiona kwenye sinema tu. Basi nimeona niziandike imani hizo na ukweli wake.

"Leseni ya bastola inaniruhusu kuingia nayo popote"

Hii ndiyo mama yao. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ni ya mwaka 1970. Inasema raia hawezi kununua wala kumiliki silaha ya moto au risasi bila cheti, ndicho watu wanachokiita leseni, na kila silaha ina cheti chake. Anayesimamia utoaji wa vyeti hivyo ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Ombi hupitia mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika huko juu: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayekujua kijijini, polisi wa wilaya, watu wa usalama. Wanauliza wewe ni nani, una akili timamu, unalewa, una kesi, unaitakia nini bastola. Ukipewa, cheti kina tarehe ya kuisha na lazima kifanywe upya.

Maswali hayo yote yanakuhusu wewe na bastola yako. Hakuna anayekuuliza utaingia wapi nayo Jumamosi. Mwenye uwanja, mwandaaji wa mechi na polisi wanaolinda siku ile wana mamlaka yao wenyewe juu ya nani apite getini na amebeba nini. Tiketi ni makubaliano: unaingia kwa masharti ya mwenye mahali, na kwenye mechi za CAF na FIFA silaha ya aina yoyote imo katika vitu vilivyokatazwa kwa watazamaji. Leseni ya udereva inaonyesha unajua kuendesha, lakini jaribu kuliingiza gari lako katikati ya uwanja wa Namboole uone.

Kwa hiyo mpaka haupo mahali pamoja. Kuna sheria ya silaha yenyewe. Kuna Sheria ya Adhabu, inayomtia hatiani mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kuna masharti ya uwanja. Na kuna ulevi: kulewa ukiwa na silaha ni kosa hata kama karatasi zako zimenyooka. Ukizingatia bia inavyonyweka kwenye mechi zetu, sijui mtu atawezaje kukaa dakika 90 na bastola na chupa asijitafutie balaa.

"Raia wa kawaida haruhusiwi kabisa kuwa na bunduki"

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na pia si kweli. Anaruhusiwa, kwa cheti, na wanaopewa kwa kawaida hupewa bastola. Tuendelee.

"Nikiificha vizuri, hakuna kosa"

Wapo wanaodhani kosa ni kuionyesha. Wanasema: nikiichomoa ndipo naleta hofu, ikikaa chini ya koti nani atajua? Hoja hii ina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana inawapoteza watu. Ni kweli kwamba kuichezea bastola mbele ya watu ni kujitafutia kesi. Lakini kuificha hakubadilishi kitu kuhusu masharti ya kuingia. Ukiulizwa getini kama una silaha ukasema huna, sasa una mambo mawili ya kueleza, la silaha na la uongo, na polisi aliye pale atataka kujua kwa nini ulidanganya.

Wenye mazoea ya zamani hawazipendi zile mashine na wale askari wanaopapasa. Wanasema ni siasa, ni kuwasumbua vijana wa upinzani. Sikatai kwamba usumbufu upo. Lakini tukumbuke ulikoanzia. Tarehe 11 Julai 2010, Hispania na Uholanzi zikicheza fainali ya Kombe la Dunia kule Johannesburg, watu wa Kampala walikuwa wamekusanyika mbele ya skrini kubwa pale Kyadondo Rugby Club na kwenye mgahawa wa Kiethiopia huko Kabalagala. Mabomu yakalipuka. Walikufa zaidi ya watu 70, na Al-Shabaab wakasema ni wao. Tangu usiku ule, mkusanyiko wa mpira Uganda hauwezi kuwa kama zamani. Anayekupapasa kiunoni leo anafanya kazi iliyozaliwa na usiku huo.

"Mimi ni afande, sikaguliwi"

Hapa niseme kitu ambacho wasomaji wa Kenya na Tanzania huenda kikawashangaza. Kwa miaka mingi, Kampala ilikijua Kiswahili kama lugha ya jeshi. Ukisikia mtu anafoka kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani, ulijua ana bunduki, na ulimwita afande hata kama humjui. Hali inabadilika, shule zinafundisha, lakini alama imebaki. Nimeona mtu asiye na kitambulisho chochote akija getini na Kiswahili kizito, kifua mbele, "Fungua hapa, mimi mtu wa usalama," na kijana wa Kiganda aliyekuwa zamu akampisha mara moja. Sisi tunaotoka Arua, tuliolelewa na Kiswahili nyumbani, tunacheka, maana tunajua mama zetu wanatugombeza kwa lugha hiyo hiyo na hawana hata rungu.

Ukweli ni kwamba silaha inayoruhusiwa ndani ni ya mtu aliye kazini, anayejulikana na kamanda wa siku ile. Polisi aliyekuja kumwangalia mpwa wake akicheza, siku yake ya mapumziko, ni shabiki kama wewe. Mlinzi wa kampuni binafsi anayemsindikiza tajiri ana bunduki ya kampuni kwa kazi ya kampuni, si pasi ya jukwaa la VIP. Mheshimiwa mwenye walinzi anatakiwa awasiliane na wasimamizi mapema. Akifika mechi inaanza, na watu wanne wenye makoti yaliyotuna, anawaweka wote kwenye hatari: askari wa ndani hawawajui hao, na wao hawawajui askari.

"Nikishambuliwa ndani nitajitetea, na nitawatetea wengine"

Hili ndilo ninalotaka tulikalie, kwa sababu linatoka kwenye nia njema.

Fikiria Namboole imejaa. Ni zaidi ya watu 40,000. Anatokea mwovu, unachomoa, unapiga risasi moja. Tuseme hata umempata. Sauti ile jukwaa zima limeisikia, na hakuna anayejua kwamba wewe ndiye mwema. Watu wanakimbilia milango. Mbele yako mtoto ameanguka, nyuma watu elfu tatu wanasukuma na hawamwoni.

Hatuhitaji kubuni. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, pale Freedom City kwenye barabara ya Entebbe, watu walitoka kuangalia fataki za mwaka mpya, wakabanana kwenye njia nyembamba, na wasiopungua 9 wakafa, wengi wao vijana wadogo. Hakuna risasi iliyopigwa. Accra, Ghana, Mei 2001, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko: mashabiki waling'oa viti, polisi wakarusha gesi ya machozi, milango ilikuwa imefungwa, watu 126 wakafa. Malang, Indonesia, Oktoba 2022, uwanja wa Kanjuruhan: gesi tena, kukanyagana tena, watu 135. Umati wenyewe ndio unaoua, na hofu ndiyo inayouwasha.

Ndiyo maana kanuni za FIFA za usalama viwanjani zilifika mahali ambapo wengi hawapategemei: zilisema hata askari na wasimamizi wanaosimama kandokando ya uwanja wasibebe wala kutumia silaha za moto au gesi ya kutawanyia watu. Kanuni hiyo ilitajwa sana baada ya Malang, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa na haikufuatwa. Sasa kama aliyefunzwa na kulipwa anaambiwa aiache, mimi na wewe tuliofunzwa siku chache tutasema nini? Na kuna jambo dogo ambalo askari mmoja aliniambia tukiwa tunakunywa chai baada ya mechi: "Nikisikia mlio nikageuka, nikaona mtu ameshika bastola, nitajuaje kwamba huyo ni wewe mwema?" Nilitafuta jibu, sikulipata.

"Lakini Marekani kila mtu anakwenda mpirani na bastola yake"

Video zimetuharibu. Marekani sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, na majimbo mengi kweli yanamruhusu raia kubeba bastola iliyofichwa barabarani. Ila shika hili: Texas, jimbo linalosifika kwa bunduki, tangu Septemba 2021 linamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola bila hata leseni. Texas hiyo hiyo inakataza silaha mahali panapochezwa mechi ya shule ya sekondari, ya chuo au ya kulipwa. Florida nayo inakataza kwenye michezo ya shule, vyuo na ya kulipwa, isipokuwa mchezo wenyewe uwe unahusu kulenga shabaha. Na mashabiki wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hawaruhusiwi kuingia na silaha. Hata Mahakama ya Juu yao, ilipopanua haki ya kubeba bastola hadharani Juni 2022, ilikubali kwamba yapo maeneo nyeti ambako zinaweza kukatazwa. Kwa hiyo anayetaka kuiga Marekani aige na hiyo.

"Bastola ya kuanzishia mbio je?"

Niliulizwa na mwalimu wa michezo kutoka Kapchorwa, na nusu alikuwa anatania. Kifaa cha mwanzishaji wa mbio ni chombo cha kazi, kinaingia na afisa wa mashindano, kinajulikana kabla. Mwalimu asikibebe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya teksi halafu ashangae abiria wakishuka kabla ya kituo. Vivyo hivyo bastola za plastiki za watoto: getini hakuna muda wa kubaini ipi ni ya kuchezea.

"Raia akikamatwa na bastola anakwenda moja kwa moja kwa jeshi"

Hofu hii ina historia. Kwa miaka mingi raia walipelekwa mahakama ya kijeshi ya Makindye kwa kesi za silaha, wakidaiwa kukutwa na zana ambazo kisheria ni za jeshi peke yake. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Miezi michache baadaye, Mei 2025, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi yanayorudisha mlango huo kwa hali fulani, na Rais akayatia saini Juni. Mabishano bado ni makali na wanasheria wako kazini. Kwa shabiki mwenye bastola yenye cheti halali, jambo la karibu zaidi ni polisi wa kawaida na cheti chenyewe: kinasemaje, kimeisha lini, nambari zinalingana?

"Basi nitaiacha garini"

Wengi wanalifikia hili wakiwa tayari getini, na wezi wa maegesho wanalijua vizuri kuliko sisi. Mwenye cheti anawajibika kuitunza silaha yake. Gari lililoachwa kwa muda wa saa tatu kando ya barabara ya Jinja, na maelfu ya watu wakipita, haliwezi kuitwa sefu. Kama unakwenda mpirani, ibaki nyumbani mahali penye kufuli. Kombe la Afrika la 2027 tutaliandaa pamoja na Kenya na Tanzania, na foleni za ukaguzi zitakuwa ndefu kuliko zote tulizowahi kuziona. Toka nyumbani mapema na mifuko mitupu.

Yule mzee wa jezi ya Cranes, tulimwita afisa wa polisi, akamchukua pembeni kwa heshima. Cheti kilitoka kwenye pochi kikiwa kimekunjwa mara nne. Kilikuwa kimeisha mwaka uliotangulia. Mzee akakitazama muda mrefu, akakigeuza nyuma kana kwamba tarehe nyingine imeandikwa huko. Aliondoka na yule afisa kwenda kutoa maelezo, na mjukuu akaachwa nami getini hadi mama yake alipokuja kumchukua. Kila shangwe ikipanda ndani, mtoto ananiuliza, "Mjomba, wamefunga akina nani?"