Chembechembe za plastiki hudhibitiwa kwenye chanzo

Malalamiko kuhusu chembechembe za plastiki majini yanaongezeka, na wengi wanauliza ni chujio gani litazimaliza. Hakuna. Zikishatawanyika hazikusanyiki zote tena.

Tunazungumzia vipande vya chini ya milimita 5. Baadhi hutoka viwandani vikiwa hivyo, lakini vingi ni masalia ya tairi linalolika barabarani, nguo za polyesta zinazofuliwa, ndoo iliyosahaulika juani. Ishike ndoo hiyo ukingoni: inavunjika, na unga mweupe unabaki vidoleni. Unga huo haujaoza, ni plastiki ileile. Mifuko iliyotiwa kemikali ili imeng'enyuke haraka huishia hivyohivyo, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu Julai 2021. Tafadhali, tuache kuiita rafiki wa mazingira. Na kuchoma plastiki uani si kuidhibiti, ni kuhamishia sumu hewani.

Mtambo mzuri wa majitaka unaweza kunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizi. Lakini hubaki kwenye tope, na tope likitumika kama mbolea, zinaingia shambani.

Kwa viwanda vinavyotumia punje ghafi za plastiki, yaani vidonge vidogo vinavyoyeyushwa kutengeneza bidhaa, zikimwagika utaratibu ni huu: ziba kwanza mifereji, fagia zikiwa kavu, pima uzito, andika kwenye daftari la matukio, kisha hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Kusafisha kwa mpira wa maji hakukubaliki. Huko ni kuzisukumia mtoni. Meli ya mizigo ya X-Press Pearl ilipoungua karibu na Colombo, Sri Lanka, mwaka 2021, punje takribani tani 1,680 zilikuwamo ndani yake; zilimwagika baharini, na watu walizichekecha mchangani ufukweni.

Wanaouza vipodozi Ulaya wazingatie kanuni 2023/2055 ya Umoja wa Ulaya, inayozuia bidhaa zilizotiwa chembechembe za plastiki kwa makusudi. Pambo la kumetameta la unga lilianza kuzuiwa Oktoba 17, 2023. Vipodozi vya kusuuza, kama shampuu, vinafuata 2027, vya kubaki mwilini 2029, vya midomo, kucha na urembo wa uso 2035, ingawa hivi vya mwisho lazima viwe na lebo inayosema vina chembechembe za plastiki kuanzia 2031. Adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama. Muda wa mpito si ruhusa ya kujaza maghala.

Athari kwa afya ya binadamu bado zinachunguzwa, nasi hatutazidisha ushahidi uliopo. Nyumbani, fua nguo za sintetiki kwa maji baridi na mzunguko mfupi, mashine ikiwa imejaa. Nyuzi zilizonaswa kwenye chujio zitupwe kwenye pipa, zisisuuzwe kwenye sinki.